Kabureta Inasingiziwa: Anzia Kwenye Tenki

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara unayebeba mazao kwa Land Rover Series III ya petroli, leo nasema bila kuzunguka: tunaliwa pesa. Gari likizima njiani, jibu la mafundi wengi ni moja: "Kabureta imekufa, leta hela ya nyingine." Hajafungua tenki, hajagusa pampu. Huo si ufundi, ni kubahatisha kwa pesa ya mwenzako. Na wakati anabahatisha, matenga ya nyanya yanaharibika juani na mnunuzi sokoni hasubiri.

Mche ukinyauka ghafla, hatukimbilii kupulizia majani dawa. Tunachimba tuone mizizi. Mzizi wa petroli ni tenki. Fuata njia yake, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na pasiwe na moto wala sigara karibu:

1. Kifuniko cha tenki. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Kitundu cha hewa kikiziba, au ukifunga nailoni kwa sababu kifuniko kilipotea, gari linatembea kidogo, linazima, likipumzika linawaka tena. Legeza kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa na gari likaenda vizuri, umepata jibu bila kutoa hata shilingi.

2. Kikombe cha kioo chini ya pampu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini pamoja na kutu. Kifungue, mwaga, safisha. Petroli ya vidumu ichujwe kabla ya kumiminwa.

3. Mipira iliyochakaa. Ikipasuka kabla ya pampu huenda isivuje hata tone. Inavuta hewa badala ya petroli.

4. Pampu. Toa waya wa betri. Chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, lielekeze kwenye chombo, kisha pampu kwa mkono kwa kile kishikio chake. Kikilegea bila kuvuta, zungusha injini kidogo kwa hendeli ujaribu tena. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima.

Hapo ndipo kabureta itazamwe, na kwanza isafishwe, isibadilishwe.

Mtaniambia fundi ndiye ajuaye. Sawa, lakini fundi ajuaye haogopi kuulizwa. Anayenyonya petroli kwa mdomo, au kutundika kidumu juu ya injini ya moto, mkatazeni: petroli ikiingia mapafuni inaua, na ikimwagika kwenye moto inateketeza gari na mtu.

Kabla hujalipa, uliza swali moja: "Tenki umeliangalia?"