Mpira uliosimama ndio unaoumbua: Somo la gofu kwa Simba, Yanga na vijana wa Mbuchi

Aprili 28, 2023, Casablanca. Simba wameingia na mtaji wa bao moja walilopata Dar es Salaam, Wydad wakalirudisha, ngoma ikaenda kwenye matuta. Mnyama akatoka kwa 4-3. Mwaka uliofuata, Aprili 5, 2024, ikawa zamu ya Yanga mjini Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns. Dakika 180 za mechi mbili bila bao, matuta tena, Wananchi wakalala 3-2.

Vigogo wawili, robo fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Afrika, na wote wameumbuliwa na kitu kile kile: mpira uliosimama. Hapo hakuna beki wa kukukaba wala mwenzako wa kumlaumu kwa pasi mbovu. Ni mtu, mpira na mguu wake.

Sasa kuna mchezo ambao kila mkwaju ni kama penalti. Ni gofu. Mpira umetulia, mchezaji anapewa nafasi ya kujipanga, na kazi hiyo ataifanya mara 70 na ushee kabla ya kumaliza mashimo 18. Akipiga vizuri mara moja hajafanya kitu. Anatakiwa apige vile vile tena, na tena.

Nguvu si hoja

Shabiki wa soka akimwangalia mcheza gofu anadhani siri iko kwenye mabega. Hapana. Fimbo ndefu ya mchezaji wa kulipwa inaufikia mpira kwa kasi ya takriban kilomita 180 kwa saa. Mpira ukitoka umepinda nyuzi moja tu, ukifika mita 200 uko pembeni ya shabaha kwa mita tatu na nusu. Kwa kasi hiyo hakuna cha kurekebisha njiani. Kinachoufikia mpira ni kile ambacho mwili umeshazoea.

Ndiyo maana makocha wanaanza na mambo yanayochosha. Kwanza mshiko: fimbo ishikwe imara lakini isikabwe, maana mikono iliyokakamaa inaua mwendo. Kisha miguu: upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Kisha mpira: ukae sehemu ile ile kila mara, maana ukisogea mbele leo na nyuma kesho, hata swingi nzuri itatoa matokeo mawili tofauti.

Baada ya hapo unakuja mpangilio wa mwili, na mfano mzuri wa hilo uko mbali kabisa na viwanja vya gofu.

Mwalimu ni kimia

Mbuchi ni kata ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Huko watu wanaishi na maji, mikoko na mitumbwi, na uwanja wa gofu haupo. Lakini mvuvi anayejua kurusha kimia anaielewa swingi kuliko wengi wanaonunua fimbo za bei mbaya.

Mvuvi huyo hatupi wavu kwa mkono. Anakita miguu, anageuza mabega, halafu anaanza kurudi kutoka chini: miguu, kiuno, mabega, na mikono inakuja mwisho. Wavu unafunguka duara. Akikosea akaanza na mikono, wavu unaanguka kama furushi na samaki wanamcheka. Swingi ni hivyo hivyo. Anayeanzisha pigo kwa mikono anapoteza nguvu na njia kwa pamoja. Hata kumaliza kunafanana: aliyepiga sawasawa anabaki amesimama, kama mvuvi ambaye hajatumbukia majini.

Na mvuvi hakujifunza hayo kwa wiki moja. Alianza mtoto, mkubwa wake yuko pembeni anamwambia pale alipokosea. Marudio bila jicho la mtu anayejua ni kuzoea kosa tu.

Hata Tiger Woods alipitia njia hiyo. Aliposhinda Masters mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, wengi waliona amemaliza kila kitu. Yeye na kocha wake Butch Harmon wakaanza kuijenga upya swingi yake. Mwaka 1998 akaambulia taji moja tu la PGA Tour, maneno yakawa mengi. Mwaka 2000 akatwaa US Open kwa tofauti ya mikwaju 15.

Kikwazo ni uzio

Tatizo la Tanzania liko hapo kwenye marudio na jicho la kocha. Viwanja ni vya kuhesabu: Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro, Mufindi na vingine vichache. Si ajabu kwamba wachezaji wengi wa kulipwa walianza kama wabeba mifuko ya fimbo. Waliishi karibu na uzio, wakaona, wakaiga, wakarudia. Kijana wa Mbuchi ana kiuno na mizani ya mwili, lakini uzio wenyewe hajawahi kuuona.

Habari njema ni kwamba swingi haihitaji mashimo 18 ili ijengwe. Inahitaji eneo dogo la wazi, fimbo chache hata zilizotumika, wavu wa kuzuia mpira, na mwalimu. Wavu si shida kwa watu wa delta. Kinachokosekana ni fimbo na mwalimu, na hivyo viko ndani ya uwezo wa klabu zenye viwanja na chama cha mchezo huo, wakiamua kutoka nje ya uzio wao.

Klabu za soka nazo zina la kujifunza. Mcheza gofu hapigi mkwaju bila utaratibu wake: anaangalia shabaha, anavuta pumzi, anajipanga, anapiga, kila siku kwa mpangilio ule ule. Mpiga penalti anayebadili hatua zake kwa kumwangalia kipa siku ya robo fainali hana utaratibu wa kurudia. Penalti ya Casablanca au Pretoria inapigwa mazoezini miezi kadhaa kabla, uwanja ukiwa mtupu na miguu imechoka. Siku ya mechi mwili unarudia ulichozoea, na kama haukuzoea kitu, ndipo mpira uliosimama unapomuumbua mtu.