Kabla hujahama king'amuzi, itafute karatasi uliyosaini

Mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imebana kwelikweli, nilipata ujumbe mrefu kwenye simu kutoka kwa mama mmoja wa Ipogolo, Iringa. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake. Nimeufupisha kidogo tu.

“Shikamoo dada. Mwezi wa kwanza mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa mguu. Nikaona atashinda peke yake ndani mchana kutwa. Duka moja mjini lilikuwa na ofa ya king'amuzi na dishi, unalipa kidogo kidogo. Nikasaini. Baba watoto nilimwambia nimepewa na kikundi chetu cha akina mama. Sasa mama mkwe amepona, amerudi Kilolo. Mtoto wetu wa kwanza amechaguliwa kidato cha tano huko Rungwe, na pesa hakuna. Nimekwenda dukani kuwaambia nataka kuacha, turudi kwenye king'amuzi chetu cha zamani cha antena. Wamesema nikiacha nilipe 225,000 ya kuvunja mkataba. Dada, usiku silali.”

Mzazi mwenzangu, kabla hujacheka au kumlaumu, jiulize kwanza: nyumbani kwako kuna karatasi ngapi mlizosaini mkiwa mmesimama, kalamu ni ya muuzaji, na mtoto anavuta gauni?

Nilimjibu marahaba, kisha nikamwomba kitu kimoja tu: apige picha kila ukurasa wa ile karatasi pamoja na risiti zote, anitumie.

KING'AMUZI HAKIKUDAI, KARATASI NDIYO INAYODAI

Tuelewane kwanza kuhusu jambo linalowachanganya wengi. Kwetu Tanzania, kwa kawaida king'amuzi hulipiwa kabla. Unanunua kifaa, unalipia kifurushi kwa simu, unatazama. Siku zikiisha picha inakatika, na hapo hakuna anayemdai mwenzake. Ukikaa miezi sita bila kulipia, hakuna deni linalokua kabatini. Wenzetu wa Uingereza wamezoea kufungwa na mikataba ya miezi 18 au 24, na ukijitoa katikati unatozwa. Huku kwetu si desturi hiyo.

Kwa hiyo ukisikia “ada ya kuvunja mkataba”, uliza: mkataba na nani? Mara nyingi utakuta haukufunga na kampuni ya matangazo. Umefunga na duka lililokukopesha kifaa, au taasisi ya mikopo midogo, au chama cha akiba na mikopo cha kazini. King'amuzi ni bidhaa tu, kama ambavyo ingekuwa friji au cherehani.

Za dada yetu wa Ipogolo zilipofika, ndivyo ilivyokuwa. Juu ya karatasi kulikuwa na rangi na nembo zinazovutia macho, lakini chini palikuwa na muhuri wa duka peke yake.

HESABU YA MEZANI

Nilichukua daftari la watoto, ukurasa wa nyuma, tukapiga hesabu kwa simu, yeye kule na mimi huku. Ninaiweka hapa yote kwa sababu ndiyo dawa ya jambo hili.

Alitoa 30,000 ya kuanzia. Kisha alikubali kulipa 25,000 kila mwezi kwa miezi 12, na ndani yake kuna kifaa na kifurushi. Jumla ya mkataba mzima ni 330,000. Alikuwa amelipa miezi mitano, yaani 125,000, ukijumlisha na ile ya kuanzia ni 155,000. Duka lilidai miezi saba iliyobaki, 175,000, na juu yake 50,000 ya “usumbufu”. Hapo ndipo ilipotoka 225,000.

Sasa nikamtuma dukani humohumo, ajifanye mteja mwingine, au amtume jirani. Aulize mambo mawili: king'amuzi na dishi kwa pesa taslimu ni bei gani, na kifurushi kilekile ukilipia mwenyewe kwa simu ni shilingi ngapi kwa mwezi. Jibu likaja: kifaa 90,000, kifurushi 19,000.

Tazama. Miezi mitano ya kifurushi kwa 19,000 ni 95,000. Hiyo ameitazama, imekwisha, haidai wala hadaiwi. Katika zile 155,000 alizolipa inabaki 60,000, na hiyo imekwenda kwenye kifaa. Kifaa ni 90,000. Kwa hiyo kilichobaki cha kifaa ni 30,000. Tuwe na haki pia kwa mwenye duka: amekopesha, naye anataka faida yake. Ukinunua vyote taslimu kwa mwaka mzima ungetoa 318,000. Kwa mkopo ni 330,000. Faida ya mkopo ni 12,000. Mpe yote. Inakuwa 42,000.

Kutoka 225,000 hadi 42,000. Zile 133,000 za kifurushi cha miezi saba ijayo alikuwa anadaiwa kwa picha ambazo hatazitazama na ambazo duka halitazinunua. Mkate ambao haujakandwa hauwezi kuliwa, wala kulipiwa.

SHERIA INASEMAJE

Muuzaji atakuambia, “Lakini ulisaini.” Ni kweli, na saini si mchezo. Lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina kifungu cha 74. Kwa lugha ya nyumbani kinasema hivi: mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Ile namba iliyoandikwa ni mwisho wa juu, si bei ya rafu kwamba lazima uitoe yote. Hasara halisi ya duka ndiyo ya kuzungumzwa.

Na kama ulidanganywa wakati wa kuuziwa, kwa mfano uliambiwa “king'amuzi ni bure” wakati bei imefichwa ndani ya malipo ya mwezi, hilo linaihusu Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kama mgogoro wako ni na kampuni yenyewe ya matangazo, kwa mfano umelipia na picha haiji, anza kwao kwa maandishi. Wasipokutendea haki, peleka kwa TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya kwa ajili yetu wa Nyanda za Juu Kusini. Ukienda bila risiti na bila barua uliyowaandikia kwanza, utarudishwa nyumbani kuzitafuta.

JAMBO GUMU KULIKO HESABU

Hesabu ilipokwisha nilimwambia dada yetu kwamba kuna mtu mmoja wa kuonana naye kabla ya mwenye duka. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekwisha.

“Nikimwambia baba watoto ataniona mwongo,” akasema.

Nikamwambia, mdogo wangu, uongo tayari upo, umekaa juu ya kabati karibu na televisheni. Kinachobaki ni nani atausema kwanza, wewe au mtu wa duka atakayekuja kudai mlangoni. Tena ulisaini kwa ajili ya mama yake. Mwambie yote kwa mpangilio: kwa nini, kiasi gani, umelipa nini, kimebaki nini. Mpe hesabu mkononi. Mtu akipewa hesabu huwa na mahali pa kushika. Akipewa machozi peke yake hajui aanzie wapi.

Alimwambia siku ya Jumapili baada ya chakula. Mume alikasirika, akatoka, akarudi usiku. Hakuuliza habari za televisheni. Aliuliza, “Hizo 25,000 kila mwezi ulikuwa unazitoa wapi?” Zilikuwa za mboga na za biashara yake ya mchele. Hapo ndipo walipozungumza kweli, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huu, kuhusu pesa inayoingia na inayotoka.

Jumatatu walikwenda dukani wawili. Walikuwa na barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, hesabu imeandikwa wazi, na risiti zimebanwa nyuma. Hawakupandisha sauti. Mwenye duka alisema maneno yake mengi, kisha akaomba walipe 50,000 waachane. Wakaelewana 45,000 kwa mafungu mawili, kifaa kibaki chao. Aliandika kwa mkono wake “mkataba umefungwa, hakuna deni”, akapiga muhuri. Maneno hayo, mzazi mwenzangu, usitoke dukani bila kuyapata.

UKIAMUA KUHAMA, HAMA KWA AKILI

Nimekwisha kuhama mara mbili mwenyewe, na mara ya kwanza nilihama kijinga. Kwa hiyo haya nayasema kutokana na makovu.

Kwanza, jueni mnahama kwa ajili ya nini. Baba anataka Ligi Kuu ya nyumbani? Haki za kuionyesha ziko kwa Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6. Anataka ya England? Hiyo ameizoea kwenye DStv. Mama anataka tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili? Watoto je? Mimi nilihama kwa sababu ya mpira wa mtu mmoja, nyumba ya watu sita ikabaki haina cha kutazama.

Pili, kumbuka gharama ya fundi. Dishi si sufuria ya kupikia kila kitu. Satelaiti inayorusha Azam iko nyuzi 7 mashariki, ya DStv iko nyuzi 36. Sisi Mbeya tuko karibu na nyuzi 33, Iringa karibu na 36. Ndiyo maana dishi la DStv kwetu linatazama karibu juu kabisa, na la Azam linalala kuelekea magharibi. Ukihama, fundi lazima apande, ageuze, apime, na wakati mwingine abadilishe kile kichwa cha mbele na waya. Muulize bei kabla hajapanda. Akishakuwa juu ya bati, bei hupanda naye.

Tatu, kama unarudi kwenye antena, jaribu kwanza. Mji wetu umezungukwa na milima, na nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata picha tofauti. Azima king'amuzi cha jirani kwa jioni moja kabla ya kununua.

Nne, acha kifurushi cha zamani kiishe ndipo uhame. Siku zilizobaki hazihami nawe. Mimi nilipoteza siku 19 kwa haraka yangu.

Tano, ukiuza au kugawa kifaa cha zamani, hakikisha jina lako na namba yako ya simu zimeondolewa kwenye usajili wake.

TULIKOTOKA

Wakubwa mnakumbuka. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikafika mwishoni mwa Aprili 2013. Iringa ilifuata katika awamu ya baadaye. Kabla ya hapo, antena ya waya kwenye mti wa mparachichi ilitutosha. Baada ya hapo kila nyumba ilijifunza maneno mapya: king'amuzi, kifurushi, kadi. Mwaka 2018 tena, TCRA ilipoagiza baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kuondoa chaneli za bure za nyumbani kwa sababu ya masharti ya leseni, wengi tulilala na ITV tukaamka bila. Watu wengi walihama mwaka ule bila kupanga.

Ninachotaka kusema ni kwamba mambo haya hubadilika, na yatabadilika tena. Usijifunge miezi 12 kwa kitu ambacho kesho kinaweza kupoteza chaneli uliyokifuata. Na watoto wadogo hawahitaji chaneli 100. Wangu walijifunza kuzidisha wakiimba na Ubongo Kids, kipindi kilichotengenezwa hapahapa nchini, tena kwenye chaneli ya bure.

Mwezi Julai dada yetu alimpeleka mtoto shule. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2022, lakini godoro, tranka, sare na nauli havikufutwa. Walishuka Mbeya asubuhi, tukakutana karibu na stendi ya Nane Nane, tukanywa chai ya maziwa kwa maandazi kabla hawajapanda gari la Tukuyu. Ndiyo mara ya kwanza tunaonana. Mtoto alikuwa amekalia tranka lake jipya la bluu, anapiga piga mfuniko kwa vidole.

“Dada,” mama yake akaninong'oneza, “hilo tranka na godoro lake ndiyo zile pesa.”

Nikamuuliza nyumbani sasa wanatazama nini. Akacheka. Baba watoto amesema king'amuzi cha dishi kikae, kifurushi walipie mwezi ambao mama mkwe atakuja kutembea. Miezi mingine ni antena.

Leo jioni, mzazi mwenzangu, fungua droo ile ya karatasi. Itoe kila uliyosaini, mkae wawili, msome.