Kiangazi Nyumbani Katika Mwaka Mgumu



Mkoa wetu wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua. Zikianza Novemba au Desemba, huishia Aprili. Na baada ya hapo ni kiangazi, kwanza baridi na upepo wa Juni na Julai, kisha jua kali la Septemba mpaka wingu la kwanza litakapoonekana tena. Yaani zaidi ya nusu ya mwaka twaishi kwa kile kilichoingia kihengeni. Katika mwaka wa neema, miezi hii ni ya harusi, ya kutembeleana, na ya kukandika tembe upya kabla mvua hazijarudi. Katika mwaka ambao mvua zilikatika mtama ukiwa bado haujatoa masuke, miezi hiyo hiyo huwa mirefu kupita kiasi, na katika kila nyumba huzuka swali ambalo hakuna anayelitamka kwa sauti: nani apunguzwe?

Neno hilo "apunguzwe" tumelitumia kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalotendeka. Wavulana huondoka kwenda kuchunga ng'ombe wa watu, au kujaribu bahati katika machimbo ya dhahabu ya Sekenke na Londoni. Lakini anayepunguzwa mapema kuliko wote, na kwa urahisi kuliko wote, ni binti aliyemaliza darasa la saba.

Tazameni kalenda. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati ya miezi hiyo binti hayumo katika daftari la mahudhurio la shule yoyote. Mwalimu wa shule ya msingi amekwisha kumwaga. Mwalimu wa sekondari hajamjua bado. Hakuna anayeita jina lake asubuhi. Na miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo kihenge kimefika chini, visima vimekauka, na wazazi wamechoka. Mgeni kutoka mjini hana haja ya kutafuta wakati mwingine wa kubisha hodi.

Nasi twamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Analeta kilo mbili za sukari na kanga ya mama. Anasema kuna familia njema mjini inayotafuta binti wa kusaidia kazi. Atakula vizuri, atavaa vizuri, na baadaye watamsomesha ushonaji. Hatumwulizi jina la familia hiyo, wala mtaa, wala mshahara, wala nani ataupokea. Alfajiri binti anapanda basi na kifurushi chake, na mdogo wake anabaki kituoni akipunga mkono. Januari jina lake linasomwa katika orodha ya waliochaguliwa, naye hayupo. Wala si jambo la siri kwamba mkoa wetu, pamoja na Iringa na Dodoma, umejulikana kwa miaka mingi kuwa chimbuko la watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wazazi. Mzazi anayemtazama mtoto akilala bila kula hana nafasi ya kusikiliza hotuba. Tena ni haki kusema kwamba umaskini wa nyumba zetu hauletwi na mbingu peke yake. Mkulima wa vitunguu hulazimishwa kujaza lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inaikataza, na hivyo hutoa bure sehemu ya jasho lake katika kila gunia. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti waliona bei ikianguka, baada ya ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje kupunguzwa na mafuta hayo kuingia kwa wingi, ilhali miaka miwili tu kabla ya hapo walikuwa wamehimizwa kupanua mashamba. Wenye madaraka wana la kujibu hapo, nasi hatutaacha kuwauliza. Lakini wakati tukisubiri jibu, kiangazi kinaendelea, na binti yuko nyumbani leo.

Basi tufanye hesabu, tena tuifanye kwa debe na kilo. Mtu mmoja hula takriban nusu kilo ya unga kwa siku. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba ni siku 122. Binti mmoja atakula kilo 61, yaani debe tatu na ushee za mtama. Hicho ndicho kinachookolewa kwa kumpandisha basi. Debe tatu! Mtu akiambiwa waziwazi auze masomo ya mwanawe kwa debe tatu za mtama, atakasirika na kumfukuza aliyesema. Lakini kwa kuwa hakuna anayehesabu, biashara hiyo inafanyika kila mwaka, na anayeuza hajui kwamba ameuza.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kiangazi hiki ni kukaa chini, nyumba nzima, na kuhesabu. Baba, mama na watoto wakubwa wakae mbele ya kihenge, wapime kilichopo, wagawanye kwa watu na kwa siku zilizobaki. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi mama ndiye anayepika, lakini ufunguo wa kuuza uko mfukoni mwa baba. Gunia linatoka mchana, na jioni mama anaambiwa tu kwamba kulikuwa na shida. Shida nyingine ni za kweli, na nyingine zilinywewa kilabuni. Katika mwaka mgumu hakuna haja ya kulipamba jambo hili: chakula cha watoto kikiuzwa bila mama kujua, ni dhuluma, hata kama muuzaji ndiye aliyelima.

Hesabu ikionyesha kwamba debe tatu hazipo, zitafutwe mahali zilipo. Wengi wetu tunazo bila kujua, zinatembea uani. Kuku wa Singida anajulikana nchi nzima. Matenga yake hupakiwa katika magari yaendayo Dar es Salaam na kwingineko. Methali yasema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea mwewe humchukua. Kwetu sisi mwewe huyo ana jina, naye ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hushamiri wakati wa kiangazi, na unaweza kumaliza banda zima kwa juma moja. Dawa ya kuuponya haipo, lakini chanjo ipo: tone moja katika jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wale wa nyumba moja, kwa hiyo majirani hupaswa kuchanga na kuchanja siku moja. Ni kazi ambayo binti wa darasa la saba anaweza kuiongoza akiwa na daftari la tarehe mkononi, mradi tu tukubali kwamba sehemu ya mayai na vifaranga ni yake, kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari. Mtoto asiyekuwa na kitu chake nyumbani ni rahisi kushawishiwa na sukari ya mgeni.

Liko pia suala la maji. Oktoba, wakati mabwawa yamekauka na watu wanafukua mchanga wa mito, safari ya maji huweza kula nusu ya siku, na kwa kawaida hulia begani na kichwani mwa wasichana. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na punda. Kisha likaja soko la ngozi za punda, na wanyama hao wakauzwa au wakaibwa usiku. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo, na tunalipongeza azimio hilo, ingawa punda aliyechinjwa harudi. Nyumba iliyopoteza punda ilihamishia mzigo wake kwa binti. Tunauliza tu: kaka yake yuko wapi wakati huo? Sheria gani imesema dumu la maji halishikwi na mvulana? Ikiwa kukaa nyumbani maana yake kwa mmoja ni kupumzika chini ya mti na kwa mwingine ni kuchota, kutwanga, kuosha na kulea, basi tusishangae binti akiondoka mwenyewe kwa miguu yake, hata kabla mgeni hajafika.

Halafu kuna kusoma. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakivuka tu mlango wa sekondari hukutana na Kiingereza katika kila somo. Wenye uwezo hulipia masomo ya maandalizi mjini katika miezi hii. Sisi tusio na uwezo tunao walimu ambao hatujawaita. Katika kila kijiji wapo vijana waliomaliza kidato cha nne. Na wa mwaka huu humaliza mtihani wao Novemba, kisha hukaa bila kazi wakisubiri matokeo. Kitabu kimoja cha kidato cha kwanza, ubao uliopakwa rangi nyeusi, kivuli cha mkuyu, saa mbili asubuhi kabla ya jua kuwa kali: kwa majuma sita hivi mtoto atakwenda sekondari akiwa ameyazoea maneno ya hisabati na sayansi. Wazee nao wana nafasi yao hapo. Anayejua kutundika mzinga na kurina asali bila kuchoma msitu, anayejua kukausha majani ya kunde na mlenda yakadumu mpaka masika, anayejua mipaka ya ardhi ya ukoo, huyo ana somo la kufundisha. Maarifa hayo yakifa naye, hakuna shule itakayoyarudisha.

Tulipata kujaribiwa kwa namna hiyo. Tarehe 17 Machi 2020 shule zote za msingi na sekondari zilifungwa kwa sababu ya corona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na katika televisheni, lakini nyumba isiyo na umeme wala betri haikuvipata. Mtihani wa darasa la saba ulisogezwa mpaka Oktoba mwaka huo. Ilidhihirika wakati ule kwamba nyumba mbili za kitongoji kimoja, zenye shamba sawa na njaa sawa, zaweza kuwarudisha shuleni watoto walio tofauti kabisa. Tofauti ilikuwa kama kulikuwa na mtu mzima aliyesema kila jioni, "Leta daftari nione."

Na wazee wetu waliuona mwaka mgumu zaidi. Mwaka 1974 mvua zilikosekana sehemu kubwa ya nchi, na taifa likanunua nafaka nyingi kutoka nje. Lakini Novemba ya mwaka huo huo wa njaa, mjini Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Walikuwa na sababu zote za kusema tungoje mwaka mzuri. Wengi wetu tunaoweza kuusoma ukurasa huu tunaweza kwa sababu hawakungoja.

Wazazi wafahamu pia sheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa; aliyetimiza miaka hiyo aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma, na asifanyishwe kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mtumishi wa nyumbani anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku anatumikishwa kinyume cha sheria, hata kama anaitwa "mtoto wetu". Aidha, tangu mwaka 2008 ipo sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, nayo humgusa dalali anayekusanya watoto vijijini kwa ajili ya kunyonywa. Anayeona mtoto akichukuliwa kwa hila anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo, au kumwona Afisa Mtendaji wa Kijiji kabla basi halijaondoka. Na ikiwa ni ndugu wa kweli anayemchukua mtoto kwa nia njema, hatakasirika akiombwa aandike jina lake, mtaa wake na namba yake ya simu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu.

Tunaiomba kila jumuiya ndogondogo itenge daftari moja. Mwishoni mwa Septemba yaandikwe humo majina ya watoto wote wa eneo lake waliofanya mtihani wa darasa la saba, wavulana na wasichana, bila kujali ni wa dhehebu gani au kabila gani. Mwisho wa Oktoba yasomwe, kila mmoja aonekane kwa macho. Novemba yasomwe tena, na Desemba tena. Juma la kwanza la Januari watu wawili waliochaguliwa wapite nyumba kwa nyumba na daftari hilo, na pale jina litakapoitwa lisiitikiwe, waulize yuko wapi, alikwenda na nani, na lini.