Kujitegemea Barabarani Si Kisingizio

Barabara ipandayo kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika masafa hayo humwinua msafiri zaidi ya mita 900, kutoka tambarare ya joto na mkonge hadi penye ukungu. Mkimbiaji aipandaye na kuishuka siku moja amekwisha kuupita mpaka wa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Ni njia ifaayo sana kwa mbio ndefu za barabarani. Lakini mbio hizo zina kanuni, na wapo watu wa aina mbili wanaozibeza.

Wa kwanza ni mwenye gari. Huyu humfuata ndugu yake kona kwa kona, akimpa maji na glukosi dirishani, kisha hudai kuwa huo ni utu tu. Utu gani? Kijana wa Mlalo ambaye wazazi wake hulima kabichi hana gari la kumfuata. Kanuni za riadha za kimataifa ziko wazi: mkimbiaji aweza kubeba maji yake tangu mwanzo, au kuyachukua katika vituo rasmi. Akipokea kwingineko huonywa, akirudia huondolewa. Wanaoiita kanuni hiyo ukatili hawajajiuliza inamlinda nani. Na ikiwa gari lenyewe ni la ofisi, linatumia mafuta ya umma, hapo hata kanuni za riadha hazihitajiki ili kulikataza.

Mwaka 1908 mjini London, Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani akiongoza, akaanguka mara kadhaa, na wasimamizi wakamsaidia hadi mwisho. Kwa huruma yao hiyo akapoteza ushindi. Mwaka 1968 mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania, goti likiwa limejeruhiwa na kufungwa bendeji, alimaliza wa mwisho kwa miguu yake mwenyewe, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia ingali inamkumbuka.

Wa pili, naye ni hatari zaidi, ni mwandaaji mjanja. Hukusanya ada, hutundika bendera, na wakimbiaji wakiuliza maji yako wapi huwajibu: jitegemeeni! Kujitegemea kulikotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 kulikuwa kwa watu wafanyao kazi pamoja. Hakukuwa ruhusa ya kiongozi kukwepa wajibu. Asiyeweka meza za maji kila kilomita 5 hivi, mganga, na gari la kuwachukua walioshindwa, hana haki ya kumwondoa mtu kwa kupokea chupa njiani. Tena awafundishe wakimbiaji kunywa kwa kiu, maana maji ya kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na yaweza kuua. Mbio za Comrades za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 1921 na ambazo hukaribia kilomita 90, zina vituo vingi vya maji, na zina kikomo cha saa 12 kisichombembeleza mtu.

Katika wilaya kama Lushoto, kazi ya kusimamia mbio huwaangukia walimu mara nyingi. Mwalimu aliyesimama na daftari lake konani, juu ya Soni, akiona chupa inatoka dirishani, aandike namba ya mkimbiaji kabla hajaitazama namba ya gari.