Dirisha si Pambo

Neno dirisha lilikuja pwani kutoka lugha ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni mlango mdogo. Maana hiyo yastahili kukumbukwa, kwa kuwa mlango hujulikana kwa mambo mawili: nani aruhusiwaye kupita, na nani azuiliwaye. Dirisha la nyumba ya pwani lina wageni watatu wa kukaribishwa, nao ni upepo, mwanga, na macho ya wenyeji watazamao nje. Lina maadui wanne wa kufukuzwa, nao ni jua kali, mvua, mbu na mwizi. Kila dirisha, basi, ni bawabu, na mwenye nyumba ndiye amwagizaye kazi yake. Bawabu amzuiaye mgeni na kumfungulia adui hastahili ujira, hata akivaa kanzu nyeupe pe.

Bawabu wa namna hiyo ameajiriwa kwa wingi huko Boko. Mtu ashikaye Barabara ya Bagamoyo kutoka Tegeta kwenda Bunju huziona nyumba za vizazi viwili zikikaa jirani. Zile za zamani kidogo zina madirisha ya mbao, au zina luva, yaani vibao vyembamba vya kioo vilalavyo na kusimama kwa kuvutwa kishikio kimoja. Zile mpya zina vioo vipana vya kusukuma pembeni, ndani ya fremu za aluminiamu. Na siku hizi zimekuja fremu za plastiki ngumu, ambazo wauzaji huzisifu kuwa dawa ya kila ugonjwa wa dirisha. Mtumishi aliyestaafu akipokea kiinua mgongo chake, aghalabu jambo la kwanza ni kumwita fundi aziondoe mbao na luva, na kutia hayo mapya. Akiulizwa sababu, jibu lake ni neno moja: anataka madirisha ya kisasa.

Neno hilo ndilo chanzo cha hasara. Kisasa ni neno la wakati, wala halina habari yoyote ya ubora. Homa iliyoingia leo ni ya kisasa, na deni lililokopwa leo ni la kisasa vilevile. Tena wakati wenyewe umehesabiwa vibaya, maana dirisha la plastiki lilianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Mstaafu wa miaka 60 alizaliwa akalikuta duniani. Alichouziwa kwa jina la usasa ni kitu kikubwa kwake kwa umri, kilichosafiri polepole.

Lakini umri si kosa. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: kitu hicho kiliundwa kumfukuza adui gani? Ujerumani adui wa nyumba ni baridi. Katika miezi ya huko ya kipupwe maji huganda nje, na ndani huwashwa moto au mitambo ya joto. Tofauti ya joto baina ya pande mbili za kioo yaweza kufika digrii 20 na zaidi. Kila joto lipenyalo kwenda nje ni fedha ipoteayo. Kwa sababu hiyo fremu ya plastiki ilifanywa kuwa na vyumba vidogo vya hewa ndani yake, kingo zake zikatiwa mpira, na kioo kikawa cha tabaka mbili zenye nafasi katikati. Ilipopanda bei ya mafuta mwaka 1973, watu wa Ulaya walizidi kuona faida yake. Walifanya kwa akili, nao hawastahili lawama.

Sasa dirisha hilo na lipelekwe Boko mwezi wa Februari. Mchana joto hufikia digrii 32, na usiku halishuki sana chini ya 25. Nyumba isiyo na kiyoyozi ina joto la ndani lililo karibu sawa na la nje, na jioni, kuta zikiisha kunywa jua la mchana kutwa, ndani hushinda nje. Kioo cha tabaka mbili kimewekwa hapo kuzuia joto lisipite baina ya pande mbili zilizo sawa. Ni mlinzi wa ghala tupu. Na joto la jua lenyewe, ambalo ndilo adui wa kweli, hupita katika kioo cheupe cha tabaka mbili kwa sehemu yake kubwa, likapiga sakafu na vitanda, na vitu hivyo vikisha kupata moto, joto lao halipati njia nyepesi ya kurudi nje. Mwenye nyumba amenunua kwa bei ghali koti la baridi na kumvika mtu atokaye jasho.

Wajerumani wenyewe walilijua jambo hili zamani walipokuwa Dar es Salaam. Hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, ilijengwa ikitazama bahari, ikawekewa varanda pana za kuzuia jua na kuuacha upepo upite. Kadhalika Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, ilizungushiwa varanda pande zake. Na ijapokuwa sehemu yake ilianguka Desemba 2020, fundisho lake halikuanguka. Mgeni aliyetoka nchi ya theluji alitii hewa ya pwani alipofika pwani. Mwana wa pwani leo aiagiza kwake nyumba ya theluji. Ni nani kati ya hawa wawili aliyekuwa mwenyeji?

Wako wasemao kwamba shida ya jua hutatuliwa kwa kufungua dirisha. Hapo ndipo hesabu ndogo ya shule inapohitajika. Dirisha la futi 5 kwa 4 lina eneo la futi za mraba 20. Likiwa la luva, au la mbawa mbili zenye bawaba, laweza kufunguka karibu lote. Likiwa la vioo viwili vya kusukumwa pembeni, kioo kimoja lazima kisimame nyuma ya mwenziwe. Kwa hiyo lifunguliwapo kabisa, lafunguka futi 10 tu. Mwenye nyumba amelipia tundu zima akapewa nusu. Nusu hiyo nayo ina nondo na ina wavu wa mbu, na kila kimoja hula sehemu ya upepo. Katika nchi ambamo starehe ya mwili yategemea upepo ukaushao jasho, mtu amekubali nusu ya dirisha, akamwita fundi hodari.

Kisha huja malipo ya pili, ambayo fundi hakuyaandika katika hesabu yake. Chumba kisichopata hewa hutiwa pangaboi, na pangaboi lisipotosha hutiwa kiyoyozi, na kiyoyozi hula umeme wa Luku usiku kucha. Asiyekuwa na uwezo wa kiyoyozi hulala akigeuka kitandani. Watoto huusukuma wavu kando ili wapate hewa, na mbu huingia. Mtu aliyeacha luva kwa sababu ya maendeleo hujikuta analipa kila mwezi kwa upepo ambao kusi na kaskazi zilikuwa zikimletea bure tangu enzi za majahazi.

Haki yataka hoja za upande wa pili zisikilizwe, nazo zina nguvu. Yasemwa kwamba luva hazizibi vumbi, na Boko, yenye barabara kubwa na njia nyingi za udongo, haikosi vumbi. Ni kweli. Yasemwa kwamba mwizi huvichomoa vibao vya luva kimoja kimoja bila kelele. Ni kweli pia, ndiyo maana nondo huwekwa. Na nondo hizo huwekwa mbele ya vioo vya kusukuma vilevile. Ila lipo neno la kuongezwa hapa: nondo zilizojengewa ukutani moja kwa moja, katika kila chumba, humfungia mwenye nyumba siku ya moto kama zimfungiavyo mwizi siku nyingine. Kila nyumba na iwe na dirisha moja walau la chumba cha kulala ambalo nondo zake hufunguliwa kwa ndani, na ufunguo wake ujulikane na watoto.

Yasemwa tena kwamba chumvi ya bahari hula chuma, na mchwa hula mbao, lakini plastiki hailiwi na yeyote. Hoja hii ndiyo bora kuliko zote, nayo yafaa kupewa haki yake yote. Fremu ya plastiki haipati kutu. Hata hivyo fremu hiyo mara nyingi hutiwa ndani yake kipande cha chuma cha kuipa nguvu, na skrubu na vitasa vyake ni vya madini. Hivyo ndivyo vya kuulizwa habari zake kwa muuzaji. Plastiki nayo hutanuka kwa joto kuliko aluminiamu: fremu ya mita 2, joto lake likipanda digrii 30, hurefuka kwa kadiri ya milimita 4, ambapo aluminiamu ya urefu huo hurefuka zaidi kidogo ya milimita 1. Fundi asiyeacha nafasi ya kutanuka baina ya fremu na ukuta atarudishwa na dirisha lililogoma kufunguka. Na plastiki isiyochanganywa dawa za kutosha za kuikinga na mionzi ya jua hupauka, kisha hukatika. Dirisha la mninga likiumwa, seremala wa mtaani hulitibu kwa randa na misumari. Fremu ya plastiki ikivunjika, matibabu yake ni kununua nyingine.

Kuhusu mbu, hoja ya wauzaji haina mguu wa kusimama, maana mbu hazuiliwi na kioo bali na wavu. Hili limejulikana tangu Angelo Celli, tabibu wa Italia, alipowekea nyavu nyumba za wafanyakazi wa reli mwaka 1899 na malaria ikapungua kwao. Karibu zaidi na nyumbani, huko Magoda katika Mkoa wa Tanga, watafiti walijenga nyumba 6 za majaribio zenye kuta zipitishazo hewa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba yaweza kupunguza mbu na kupunguza joto kwa pamoja. Mtu haambiwi achague baina ya usingizi na afya. Achaguliwaye kwa uangalifu ni mjenzi.

Mwisho huletwa methali, nayo ni kwamba kiingiacho mjini si haramu. Methali ni ya kweli, ila haikutimiza hukumu yote. Wanazuoni wa sheria hawakuishia katika halali na haramu. Waliweka daraja tano, nazo ni wajibu, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Dirisha la plastiki si haramu. Katika chumba kitiwacho kiyoyozi kila usiku, au kilichoelekea kelele za barabara kuu, laweza kupanda hata sunna, kwa kuwa hapo kuziba ndiyo kazi. Katika nyumba nyingine lenye bawaba, lifunguliwalo lote, ni mubaha. Lakini la vioo vya kusukuma, katika ukuta wa magharibi usio na upenu, ndani ya nyumba isiyo na kiyoyozi, ni makuruhu makubwa. Na muuzaji alisifuye huko kwa jina la usasa amekula fedha ya mstaafu kwa neno tupu.

Basi utaratibu wa kuchagua ungepasa kugeuzwa kichwa chini. Leo mwenye nyumba huanza kwa sura, kisha hufika kwenye bei, na upepo haumjii akilini mpaka usiku wa kwanza wa joto. Aanze kwa jua. Boko iko kusini ya ikweta kwa digrii zisizotimia 7, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi: upenu wa sentimita 75 hutupa kivuli cha kadiri ya mita 1.3 ukutani hata adhuhuri ya Juni, jua lilalapo upande wa kaskazini kuliko siku zote. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini lipitalo chini ya upenu. Huko madirisha yawe madogo, au yawe na mbao za nje, au mti upandwe. Baada ya jua afuate upepo: kila chumba, ikiwezekana, kiwe na tundu la kuingilia na tundu la kutokea, kwani upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Kisha wavu, uenee tundu zima. Kisha nondo, na njia ya kutokea. Mambo hayo manne yakiisha kujibiwa, ndipo aulize kama fremu iwe mbao, aluminiamu au plastiki, na rangi ipi yampendeza mkewe.

Fundi hataupenda utaratibu huu mara ya kwanza, kwa kuwa wamnyima neno lake alipendalo. Lakini fundi ni mtu wa soko, na soko hufuata maswali ya mnunuzi. Siku ambayo wenye nyumba wa Boko watauliza kwa kauli moja, "Dirisha hili lafunguka kiasi gani?", mafundi watajifunza kujibu kabla mwaka haujaisha. Hata siku hiyo ifike, luva zilizobaki zisitupwe kwa haraka. Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao wake kwa msala upitao. Na mbachao huu, mkuukuu ulivyo, bado unapitisha upepo.