Mtoano wa Afrika: Kiranjeranje washangilia, fedha zabaki uwanjani

KILA msimu wa mashindano ya klabu barani Afrika unapoanza, vibanda vya kuonyeshea mpira kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi hujaa watu. Kiranjeranje, wilayani Kilwa, nako ni hivyo hivyo. Simba au Yanga ikicheza, muuza chipsi huongeza viazi, kijana wa bodaboda huchelewa kulala, na mwenye kibanda huweka petroli ya akiba kwa ajili ya jenereta, umeme usije ukamwangusha.

Pamoja na shamrashamra hizo, wakulima na wafanyabiashara wadogo wana sababu ya kujiuliza fedha za mashindano haya huishia wapi, na ni kiasi gani cha fedha hizo mtu wa Kiranjeranje anaweza kukitegemea.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Namungo ya Ruangwa, mji unaofikiwa kutoka Kiranjeranje kwa barabara ya Makangaga na Nanjilinji. Mwaka 2020 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na kufungwa na Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika iliangukia kwa Namungo.

Vijana hao wa Lindi walifika mbali kuliko wengi walivyotarajia. Waliitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha wakapangiwa 1º de Agosto ya Angola. Februari 2021 msafara wao ulizuiwa Luanda kwa sababu ya ugonjwa wa corona, na mechi zote mbili zikahamishiwa Dar es Salaam. Namungo ilishinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, na kusonga mbele kwa jumla ya mabao 7-5. Katika hatua ya makundi ilipoteza mechi zote sita, na Raja Casablanca waliokuwa kundi moja nao ndio waliotwaa kombe mwaka huo.

Kwa upande wa biashara, jambo la kuangalia ni kwamba Namungo ilipokuwa "nyumbani" ilicheza Dar es Salaam, si Ruangwa. Nauli, vyumba vya wageni, chakula, maji na jezi vilinunuliwa huko. Mashabiki wa Lindi waliotaka kuiona timu yao walilazimika kusafiri, na fedha yao ikasafiri nao. Mkoa ulipata sifa, lakini mama lishe wa Lindi hakuuza hata sahani moja ya wali kwa mgeni wa Angola.

Dar es Salaam yenyewe imewahi kuonja uchungu huo. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya kombe hilo hilo dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Baada ya kufungwa 2-0 ugenini, mchezo wa marudiano ulichezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa haukuidhinishwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Sare ya 1-1 iliwapa Berkane ubingwa kwa jumla ya 3-1. Wachuuzi wanaouza nje ya uwanja wa Mkapa walikosa soko kubwa kuliko yote ya msimu.

Zawadi zenyewe si haba. Msimu wa 2022/23 CAF ilipandisha fungu la bingwa wa Kombe la Shirikisho kutoka dola milioni 1.25 za Marekani hadi milioni 2, na mshindi wa pili akapewa dola milioni 1. Msimu huo Yanga ilifungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 mjini Algiers, na ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kanuni hiyo iligharimu dola milioni 1. Ikiwa klabu yenye bajeti nene inaweza kupoteza fungu kama hilo kwa mabao yaliyolingana, mwenye kibanda cha mabati hana sababu ya kuweka matumaini yake yote hapo.

Chukua mfano wa kibanda chenye viti 60 na kiingilio cha shilingi 500. Kikijaa, kinaingiza shilingi 30,000 kwa usiku mmoja. Toa petroli, malipo ya king'amuzi na posho ya kijana wa mlangoni. Mmiliki akikopa shilingi 600,000 kununua televisheni kubwa, anahitaji usiku 20 wa kujaza viti vyote kabla hata ya kutoa gharama na riba. Simba ya 2024/25, iliyofika fainali, ilicheza mechi 14 tu za Afrika. Timu inayotolewa raundi ya kwanza hucheza mbili.

Kalenda nayo haimsaidii mfanyabiashara. Raundi za awali huangukia Agosti na Septemba, wakati fedha za minada ya ufuta zimeshaingia mifukoni. Hatua ya makundi hukutana na msimu wa korosho. Lakini robo fainali, nusu fainali na fainali, ambazo kila mtu anataka kuziona, huja Aprili na Mei. Wakati huo ufuta uko shambani au ndiyo kwanza unavunwa, na mikononi hakuna kitu. Wateja huingia kwa mkopo, na deni la mpira hulipwa kwa shida, hasa timu ikifungwa.

Hapo ndipo kangomba anapopata mlango. Mkulima anayepokea fedha kidogo Aprili kwa ahadi ya gunia la ufuta, iwe ni kwa nauli ya kwenda uwanjani au kwa mkeka wa kubeti, anauza mazao yake kabla ya mnada kufunguliwa. Akisubiri stakabadhi ghalani kupitia chama chake cha msingi, gunia hilo hilo hushindaniwa na wanunuzi. Timu ikitolewa, nauli haimrudii, na gunia ni la mwingine.

Kwa mfanyabiashara wa Kiranjeranje, njia salama ni kuihesabu mechi ya Afrika kama nyongeza. Kibanda kijiendeshe kwa ligi ya kila wiki, na mtaji wa usiku wa mtoano utengwe Agosti, fedha za ufuta zinapozunguka. Kwa viongozi wa mkoa, funzo ni la uwanja. Timu ya Lindi ikifuzu tena kabla mkoa haujawa na uwanja unaokubalika CAF, mabasi ya mashabiki yatapita Kiranjeranje kuelekea Dar es Salaam kama mwaka 2021, na muuza maji ya chupa kituoni ana dakika chache tu za kuuza kabla dereva hajapiga honi.