Gurudumu la kuvuta likae chini ya mzigo

Makala kuhusu roboti za kubeba mizigo ghalani ni nzuri, ila roboti hizo zinatembea kwenye sakafu kavu. Hapa Busia, wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mnyororo ukivuta gurudumu la mbele huku magunia yote yako nyuma, gurudumu hilo halina uzito wa kushika ardhi. Matope kidogo tu, linazunguka bure, na mabega ya mwenyewe ndiyo yanaumia. Mafundi wa jua kali, tafadhali pelekeni mnyororo kwenye gurudumu moja la nyuma. Mkiyafunga magurudumu ya nyuma yote mawili kwenye ekseli moja, kukata kona kutakuwa kazi. Breki nazo zishike yote mawili, maana mteremkoni breki ya upande mmoja huivuta baiskeli kando.